Horombo alikuwa mtu kabla hajawa kibanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua ndefu huwa mnazifupisha. Ukilazimika kuifupisha hii, kata habari zangu mimi, za Horombo uziache.

Mwezi uliopita nilikwenda Keni, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, kumzika mjomba. Mama yangu alizaliwa huko, nami utotoni nilipelekwa kila likizo kwa babu, nimsaidie kukata majani ya ng'ombe. Siku ya pili ya msiba, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai na mbege inazunguka, nilichukua fimbo yangu nikatoka kwenda kuyatazama mawe ya ngome. Hufanya hivyo kila nikifika Keni, kama mwingine anavyopita makaburini kwa wazazi wake.

Nilimkuta kijana na toroli. Alilisimamisha, akaniamkia vizuri, "Shikamoo babu," nami nikamwitikia. Ndani ya toroli mlikuwa na mawe saba, meusi, ya zamani, yenye ukoga upande mmoja. Alikuwa anakwenda kuziba pengo kwenye banda la nguruwe. Nikamuuliza mawe ni ya nani.

"Si ya mtu, babu. Yapo tu."

"Ni ya Horombo," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, haukuwa wa dharau. "Horombo ya mlimani? Mbona mbali! Mimi Horombo nimelala sana, nimebeba misimu mitatu."

Mhariri, tangu siku hiyo sijatulia. Horombo aliyoijua yeye ni vibanda vya kulala vya kituo cha pili, njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro. Kijana yule amezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka kwenye ukuta wa Horombo. Amelala Horombo. Amepandisha mizigo ya wageni hadi Horombo, mvua ikimnyea, kesho yake akaipandisha tena hadi Kibo, kituo kinachofuata. Na katika maisha yake yote, awe shuleni, awe nyumbani, awe kazini, hajatokea mtu wa kumwambia kwamba Horombo alikuwa mtu, na kwamba mtu huyo ni wa hapo hapo kwao. Simlaumu hata kidogo. Ningemlaumu vipi, wakati mimi mwenyewe nililijua jambo hili nikalinyamazia karibu miaka thelathini?

Nilianza kazi ya mlimani mwaka 1987, nikiwa mgumu, yaani mpagazi, njia ya Marangu. Baadaye nikawa mpishi, nikaendelea hadi 2016 goti liliponikataza. Kuna msafara mmoja wa miaka ya tisini siusahau. Tulikuwa Horombo, kwenye banda la kulia chakula, jioni, wageni wamejifunika hadi masikioni. Mama mmoja wa makamo, Mfaransa, alimuuliza kiongozi wetu Horombo maana yake ni nini. Kiongozi akasema ni jina la miti, ile mikubwa yenye vichwa vya majani inayoota kule juu kwenye mikondo ya maji. Yule mama akafungua daftari lake akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na chupa ya chai. Nilijua kwamba si kweli. Lakini mgumu hamsahihishi kiongozi mbele ya wageni. Ukifanya hivyo, msafara unaofuata utaachwa getini. Nikamimina chai, nikatoka.

Daftari lile bila shaka lipo mpaka leo kwenye nyumba fulani huko Ufaransa, na ndani yake Horombo ni mti.

Basi niseme sasa nilichokinyamazia siku ile.

Horombo alikuwa mangi, yaani mtawala, wa Keni mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo hapakuwa na Wachagga kwa maana tunayoitumia leo. Kulikuwa na watu wa Keni, wa Mengwe, wa Mamsera, wa Mkuu, wa Mashati, wa Usseri, na huko mbele wa Marangu, wa Kilema, wa Moshi, wa Kibosho, wa Machame, kila watu na mangi wao, na mpaka ukiwa korongo. Ukivuka korongo umekwenda ugenini. Hata lugha ilikuwa inageuka, na mpaka sasa Mrombo na Mmachame kila mmoja akishikilia Kichagga cha kwao hawataelewana vizuri, watarudi kwenye Kiswahili. Vita vya siku hizo vilikuwa vya kuchukuliana ng'ombe na mateka. Aliyeshinda alirudi kwake na mifugo. Aliyeshindwa alijificha na watoto wake kwenye mahandaki yaliyochimbwa chini ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, akasubiri siku yake ya kulipiza. Baadhi ya mahandaki hayo yapo, watalii huingizwa na tochi.

Horombo naye alipigana na majirani. Tofauti yake ni kwamba alipomshinda jirani hakuondoka na ng'ombe tu akamwacha ajipange upya. Alimweka chini yake. Nchi ndogo za Rombo zikaingia mkononi mwake moja baada ya nyingine, na nguvu yake ikafika hadi upande wa Vunjo. Katika masimulizi yetu hakuna mangi kabla yake aliyekusanya watu wengi namna hiyo chini ya uongozi mmoja.

Na tazameni alianzia wapi. Rombo si Machame. Upande wa kusini wa mlima unapata mvua na mito inayotiririka mwaka mzima, Weruweru, Kikafu, Karanga. Mangi wa huko alikuwa na mifongo ya kumwagilia na migomba isiyojua kiangazi. Upande wetu wa mashariki mito ni michache na ukishuka kidogo tu kutoka kwenye migomba unakutana na nyika. Mama zetu walichota maji mbali, na wengine wanachota mbali hata sasa. Chuma nacho hakikutoka kwetu. Kilitoka Ugweno, kwenye milima ya Upare, kwa mafundi waliojua kukiyeyusha, kikaletwa Kilimanjaro kwa kubadilishana mali. Kwa hiyo mangi wa Rombo aliyetaka mikuki alipaswa kwanza kuwa na kitu cha kutoa, halafu awe na njia iliyo salama ya kukifikisha chuma nyumbani, halafu awe na wahunzi wa kukifua. Nikiyafikiria hayo naona kwamba kabla ya kuwa jemadari, Horombo ilibidi awe mpangaji mzuri. Jeshi halianzi siku mkuki unaporushwa.

Babu alikuwa akinisimulia habari zake jioni, tukimenya maharage. Kuonyesha urefu wa Horombo alisimama mlangoni akanyoosha mkono juu ya mlango, juu ya kizingiti kabisa, na mimi mtoto nikaamini. Mikuki aliisimulia kwa sauti kubwa. Lakini kila vita vilipokwisha, sauti yake ilishuka akarudi kwenye ukuta, kana kwamba mengine yote yalikuwa ni njia ya kufika kwenye ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa mawe matupu. Hakuna chokaa wala udongo wa kuyashikanisha. Jiwe limekalia jiwe, na mwanya umezibwa kwa jiwe dogo. Siku moja babu alinipeleka akaniambia nichomoe kimoja cha vijiwe hivyo vidogo vya chini. Nilikuwa na miaka tisa. Nilivuta mpaka kucha ikapasuka, hakikutoka. Akasema, "Aliyekiweka hapo hakuwa anajenga kwa ajili yake."

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa mwaka 1984, nilipojitolea JKT. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 na wakati wetu vijana tulilitamka jina lake bila kulisikiliza. Kambini tulipewa kazi ya mtaro wa mawe. Tulikuwa vijana sitini kutoka kila pembe ya nchi. Mnyakyusa hamjui Msukuma, Mzaramo anamcheka Mchagga kwa matamshi. Wiki ya kwanza mtaro haukwenda popote. Kila mmoja alibeba jiwe lake, akalitua anapotaka. Afande akatupanga mstari, jiwe likawa linapita mkono kwa mkono, na ili likufikie salama ni lazima mtu aliye mbele yako akuite, nawe umwitikie. Baada ya siku kumi tulikuwa tunajuana majina sote sitini. Ndipo nikamkumbuka babu, kwa sababu ndivyo alivyosema ngome ya Keni ilivyojengwa: watu wa nchi mbalimbali, waliokuwa wakiibiana ng'ombe msimu uliopita, wamesimama mstari mmoja wakipokezana mawe. Babu aliamini kwamba hata jina Rombo limetokana na Horombo. Sina haja ya kubishana na mtu juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba mstari ule wa mawe kwangu mimi ndio kazi yake kubwa, kuliko vita alivyoshinda.

Sitamsafisha kuliko alivyokuwa. Mawe yale hayakupokezanwa kwa hiari. Waliosimama kwenye mstari wengi walikuwa wameshindwa vitani, wameacha vihamba vyao wakati wa kazi, wake zao wakibaki na watoto na jembe. Bibi yangu, mke wa babu, alitoka Mengwe. Kila babu alipoanza hadithi ya Horombo, bibi alinyanyuka akaenda jikoni, akarudi imekwisha. Utotoni nilidhani anakwenda kutazama chungu. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo. Kama siku moja itaandikwa habari ya Horombo mahali pa wazi, na hilo ndilo ninaloliomba, kule kunyanyuka kwa bibi nako kuwemo.

Horombo aliuawa akipigana na Wamaasai. Alipoanguka, aliyoyakusanya yakatawanyika. Kila nchi ikarudi kwa mangi wake, korongo likawa mpaka tena. Mimi naona sababu ni kwamba uongozi wote ulikaa kwenye mkono wake mmoja. Ukuta ulijengwa na watu wengi na upo hadi leo. Utawala uliegemea mtu mmoja, naye alipoondoka haukupata mwingine wa kuushika. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla watu wa Kilimanjaro hawajawa na mkubwa mmoja, Mangi Mkuu Thomas Marealle, aliyechaguliwa kwa kura na kutawazwa mwaka 1952. Wakati huo walikuwa wameshazoea kufanya mambo pamoja kupitia kahawa, kwani KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilikuwa ipo tangu 1933, na kabla yake chama cha wakulima cha 1925. Waliokutana kupima kahawa kwenye mizani moja hawakuhitaji kushindana kwa mikuki.

Kuna jambo jingine linalomfanya Horombo awe rahisi kusahaulika. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya kilele cha Kibo, Horombo alikuwa ameshakufa. Hakuna mzungu aliyemwona, hakuna aliyemchora, hakuna karatasi aliyowekeshwa alama ya dole. Hati yake ni yale mawe. Ndiyo maana kila jiwe linalokwenda kwenye banda la nguruwe linaniuma namna hii.

Mandara yeye alikuwa na bahati tofauti. Mandara wa kibanda cha kwanza ndiye Mangi Rindi wa Moshi, kule tunakoita Old Moshi. Mandara ni jina walilomjua nalo watu wa misafara na wazungu. Alikuwa na jicho moja, na kila mzungu aliyepita kwake aliandika habari za jicho hilo. Charles New alifika kwake mwaka 1871, Joseph Thomson mwaka 1883, Harry Johnston mwaka uliofuata. Mwaka 1885 aliwakaribisha wamisionari wa Kiingereza, na mwaka huo huo akaweka mkataba na Wajerumani. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin kwa mfalme wa Ujerumani. Horombo alitanua nchi kwa watu waliosimama mstari. Rindi alijaribu kuikuza ya kwake kwa wageni, akimtumia huyu kumzuia yule. Februari 1891 Wajerumani walipompiga Sina wa Kibosho, adui mkubwa wa Rindi, watu wa Rindi walikuwa upande wao. Mwaka huo huo akafariki.

Deni likamwangukia mwanawe. Meli aliwashinda Wajerumani mwezi Juni 1892, kamanda wao von Bülow akafa kwa majeraha ya vita hivyo. Mwaka uliofuata, Agosti, walirudi na jeshi kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine kumi na wanane. Familia yake imetafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi, na hilo magazeti yenu yameliandika, sitalirudia. Nataka tu msomaji aone kwamba anapotembea kutoka Mandara hadi Horombo, mwendo wa saa tano kwenye vichaka na nyasi, anatoka kwa mangi mmoja kwenda kwa mwingine, watu wawili waliojenga kwa njia mbili tofauti kabisa, na ni kama tunampitisha akiwa amefumba macho.

Miaka yote niliyopanda, nilichosoma pale kwenye vibao ni urefu kutoka usawa wa bahari. Mandara, mita 2,720. Horombo, mita 3,720. Mgeni anapiga picha na namba. Getini Marangu kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Sina ubaya naye. Alipanda, na alipanda kwa shida. Kileleni, Uhuru, pana maandishi pia, na inafaa, maana usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera yetu na mwenge pale juu. Mwanzo na mwisho wa njia vina masimulizi. Katikati, mahali wagumu wanapolala, hamna.

Na majina yale hayakuwekwa kwa bahati. Wazee waliotutangulia kazini walituambia, na ni kweli, kwamba zamani cha Mandara kiliitwa Bismarck na cha Horombo kiliitwa Peters. Peters ni Carl Peters, yule ambaye akiwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani hapa hapa Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana mmoja wa Kiafrika, mpaka serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Kwa miaka mingi watu wetu walibeba mizigo hadi "Peters". Baada ya Uhuru likatolewa jina hilo likawekwa la Horombo, na miaka ya 1970 vikajengwa vibanda vya mbao tunavyovijua, kwa msaada wa Norway. Aliyechagua kuweka jina la mangi wa Keni juu ya jina la Peters alijua anachofanya, nami namshukuru. Lakini kizazi kilichojua sababu kimeondoka, na jina bila habari yake limekuwa kama chungu kilichogeuzwa: unakiona, lakini hakishiki maji. Kijana wa Keni analala ndani yake na hajui.

Nimelizungumza jambo hili na wenzangu wastaafu pale Kiboriloni sokoni. Mmoja alinikatiza akasema, "Acha mambo ya umangi, Nyerere aliyamaliza." Namheshimu sana mzee huyo, na ni kweli, uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, nami siombi urudi. Baba yangu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, hana ukoo wa mangi, na katika zama za Horombo angekuwa kwenye ule mstari wa mawe. Ndiyo maana nataka yaandikwe. Ngome ya Keni ni ya Horombo kwa jina tu. Kwa mikono ni ya watu kama baba yangu. Mwingine aliuliza kama hili si ukabila. Nikamjibu kwamba mgumu wa Horombo anaweza kuwa Mpare, Mmeru, Mrangi au Msambaa, na wote wakilisoma kibao wataona namna watu wa makorongo mbalimbali walivyojikuta nchi moja. Sijui ukabila unaingilia wapi hapo.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia mlima, na halmashauri zetu, na wenye makampuni ya utalii wanaokula kupitia njia ya Marangu, waweke vibao viwili. Kimoja Mandara, kimoja Horombo. Viandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, lugha za wageni zifuate chini. Wageni hupita siku moja au mbili na hawarudi. Mgumu hurudi tena na tena, mwaka baada ya mwaka, na ndiye atakayekwenda kuwasimulia watoto wake Rombo, Marangu, Uru na Mwika. Kibao kiwe karibu na jiko la wagumu, pale wanapokaa kungoja chakula, kisiwe mbele ya banda la wageni. Kiwe cha mbao ngumu, maandishi yachongwe, yasipakwe rangi tu. Usiku wa Horombo unaganda, mchana jua linachoma, na nimeona rangi inavyobanduka pale ndani ya miaka miwili.

Maneno nimeshayaandika, na kama kuna mwalimu wa historia anayeweza kuyaboresha, ayaboreshe. Cha Horombo nimekiandika hivi:

"Mahali hapa pamepewa jina la Horombo, mangi wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliunganisha nchi ndogo za Rombo chini ya uongozi mmoja kwa vita na kwa kazi. Ngome zake za mawe zilijengwa na watu wake na watu aliowashinda. Aliuawa vitani. Mabaki ya ukuta yapo Keni. Kabla ya Uhuru kibanda cha hapa kiliitwa kwa jina la Carl Peters."

Kifupi, mgumu anaweza kukisoma bila kutua mzigo. Cha Mandara nitaandika nikishapata mtu wa Old Moshi wa kunisaidia, kwa sababu habari za mangi wao ni haki yao kuzisema kabla yangu.

Na kwa Keni naomba serikali ya kijiji iitishe mkutano mmoja tu, wazee waonyeshe mipaka ya ngome, ipandwe isale, mmea wetu wa kuweka mpaka, kuzunguka. Kila Mchagga anajua isale ikisimama mahali maana yake ni nini. Haihitaji askari wala senyenge.

Yule kijana nilimsimulia yote haya tukiwa tumesimama pale na toroli. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha akaligeuza toroli bila kuambiwa. Tulifanya kazi mpaka giza likaingia, mimi nikimwonyesha kwa fimbo, yeye akijaribu jiwe upande huu na upande ule. Manne tuliyarudisha. Matatu hatukuweza kuyapatia nafasi yake, kila tulivyoyageuza yalicheza. Tumeyaacha chini ya ukuta, upande wenye mgomba, akasema atamleta baba yake ajaribu.

Wasalaam,

Mpishi mstaafu wa mlimani,
Kiboriloni, Moshi